Mambo ya Ufundi: Msumeno wa Meza na Mkono wa Seremala

Mtu apitaye Makongeni, mjini Thika, siku ya kazi, husikia sauti ya misumeno kabla hajaziona mbao zenyewe. Vitanda, makabati, milango, fremu za madirisha, majeneza na mizinga ya nyuki hutengenezwa katika vibanda vya jua kali, na kazi ya namna hiyo hiyo huonekana Ruiru na kando ya barabara kuu iendayo Nairobi. Misumeno mingi ya meza haikununuliwa dukani. Imeundwa na mafundi wenyewe: vyuma vya pembe vikachomelewa kuwa meza, mota ikafungwa chini, mkanda ukavutwa hadi kwenye mhimili, na juu, katika ufa mwembamba, ukachomoza msumeno wa mviringo wenye meno. Ni jambo la kusifiwa, kwa maana aliyeiunda mashine yake mwenyewe huijua kuliko aliyeikuta dukani. Lakini nyingi za meza hizo hazina mfereji wa kuongozea ubao, hazina kifuniko, wala hazina ule ulimi wa chuma upaswao kusimama nyuma ya msumeno.

Malalamiko mawili husikika juu ya mashine hizo. Mnunuzi husema ya kwamba pembe za fremu hazikukutana vizuri, kukabaki nafasi iliyozibwa kwa gundi na unga wa mbao. Jamaa wa fundi husema ya kwamba mashine imemla kidole. Watu hudhani hayo ni mambo mawili mbalimbali, la kwanza la ustadi na la pili la bahati mbaya. Ukweli ni kwamba yote mawili yana mama mmoja, naye ni ubao usioshikwa sawasawa wakati wa kukatwa. Ubao uchezao hukatwa upande, na ubao huo huo uchezao ndio uvutao mkono kwenye meno.

Yafaa kwanza kuelewa jinsi msumeno unavyofanya kazi. Umeme wa Kenya ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na mota ya aina iendayo mbio huzunguka kama mara 2,850 kwa dakika. Msumeno wa upana wa inchi 10 ukizunguka kwa mwendo huo, meno yake hukimbia karibu kilomita 136 kwa saa, hali matatu katika barabara kuu ya Thika haikuruhusiwa kupita kilomita 80. Katika sehemu ya kumi ya sekunde, yaani kabla mtu hajawahi kushtuka, jino limekwisha safari ya karibu mita 4. Basi yule asemaye kwamba atauondoa mkono akiona hatari hajapiga hesabu.

Tena, meno ya mbele, yale yaliyo karibu na fundi, huteremka, nayo huukandamiza ubao juu ya meza. Hayo hayana ubaya. Meno ya nyuma hupanda. Ubao ukijipinda kidogo tu na kuyagusa yale ya nyuma, huinuliwa na kurushwa kumwelekea fundi kama teke la punda, na mkono uliokuwa umeusukuma hubaki hauna kitu cha kuegemea ila msumeno wenyewe. Ndiyo sababu kuna ulimi wa chuma: kibamba chembamba kisimamacho nyuma ya msumeno, karibu sana na meno, chenye unene usiozidi njia ya mkato. Huzuia ubao usijifunge na usiyaguse meno yapandayo. Jambo hili si geni Kenya. Kanuni za mashine za mbao zilizotolewa mwaka 1959, chini ya Sheria ya Viwanda ya wakati ule, zilitaka msumeno wa mviringo uwe na ulimi huo, uwe na kifuniko, na kijiti cha kusukumia kiwe tayari karibu na meza. Hata meza ya kuchomelewa yaweza kutiwa ulimi kwa kipande cha bamba na bolti mbili, na mchomeleaji hapatikani mbali katika Makongeni.

Kukata ubao ni kwa namna mbili. Kuna kupasua kwa urefu, kufuata nyuzi za mti, na kuna kukata kwa kukingama, kuzivuka nyuzi hizo. Kwa kupasua, ubao huegemezwa kwenye ukingo, yaani ile fito ya chuma au ya mti isimamayo ubavuni mwa msumeno. Ubao ni mrefu, upande wake ulioegemezwa ni mrefu, nao hutembea salama. Kosa huanza fundi atakapo kukata kipande kifupi kwa kukingama na kuutumia ukingo ule ule kuwa kipimo. Sasa ncha iliyoegemea ni fupi, labda inchi 4, na ubao huyumba kama mtu aliyesimama kwa mguu mmoja. Kibaya zaidi, kile kipande kinachokatika hubaki kimebanwa kati ya ukingo na msumeno, hakina mshikaji. Hupinda, hugusa meno ya nyuma, na kuruka. Kuna na wale ambao hawatumii kitu chochote, huusukuma ubao kwa mikono mitupu wakifuata mstari wa penseli kwa jicho. Jicho la fundi mzoefu ni zuri, lakini jicho halishiki ubao.

Dawa ni kitelezi. Kila fundi aweza kukiita jina apendalo. Umbo lake ni sahani ya mbao ya kutelezesha kazi juu ya meza. Huchukuliwa kipande cha plaiwudi kilichonyooka, chenye unene wa milimita 12 au zaidi. Chini yake hupigiliwa fito mbili za mti mgumu zinazoingia katika mifereji ya meza. Kama meza haina mifereji, nazo nyingi hazina, fito hizo hufungwa nje ya kingo mbili za meza zikiikumbatia pande zote, mradi kingo hizo zimenyooka na ziko sambamba na msumeno. Juu ya sahani husimamishwa mihimili miwili ya mbao, mmoja mbele na mmoja nyuma, ya kuizuia sahani isitengane msumeno ukiipasua katikati. Mhimili ulio upande wa fundi ndio wa kuegemeza kazi, nao lazima ukutane na njia ya msumeno kwa pembe mraba kamili. Nyuma ya mhimili huo, mahali msumeno utakapochomoza mwishoni mwa safari, hugundishwa gogo dogo nene ili meno yamezwe humo yasikutane na tumbo au vidole. Wengine hufunga juu, kati ya mihimili, kipande cha plastiki angavu kuwa kifuniko. Gharama ya hayo yote ni vipande ambavyo kwa kawaida hutupwa kwenye jiko.

Kabla ya kuufunga ule mhimili, msumeno wenyewe upimwe kama uko sambamba na mfereji au ukingo wa meza. Plagi ing'olewe. Jino moja litiwe alama ya chaki, lipimwe umbali wake likiwa mbele, kisha msumeno uzungushwe kwa mkono na jino lile lile lipimwe likiwa nyuma. Kutumia jino moja ni muhimu, kwa sababu meno yamepinda huku na huku na mawili hayalingani. Vipimo vikitofautiana, mhimili wa mota au wa msumeno usogezwe hata vilingane. Asiyefanya hivyo aweza kukipima kitelezi mwaka mzima asipate mkato safi.

Kuhusu pembe mraba, mafundi wengi huiamini skwea yao bila ya kuihoji. Skwea iliyoanguka mara mbili juu ya sementi huenda si skwea tena. Yapimwe hivi: huegemezwa kwenye ukingo wa ubao ulionyooka, mstari ukapigwa, kisha ikageuzwa upande wa pili na mstari mwingine ukapigwa kutoka nukta ile ile. Mistari ikilala pamoja, skwea ni nzima. Ikiachana kama miguu ya ndege, kosa lake ni nusu ya mwachano huo.

Lakini kuna kipimo kizuri kuliko skwea, nacho hakihitaji chombo ila rula. Huchukuliwa kipande cha plaiwudi cha kama sentimita 40 kila upande. Upande mmoja hukatwa kwa kitelezi. Kisha kipande hugeuzwa, ule upande uliokatwa sasa hivi ukaegemezwa kwenye mhimili, na upande unaofuata hukatwa. Hufanywa hivyo mpaka pande zote nne ziishe, na mara ya tano hukatwa tena upande wa kwanza, kikatolewa kijiti chembamba kirefu. Kijiti hicho ndicho shahidi. Hupimwa unene katika ncha zake mbili. Tuseme ncha moja ni milimita 12 na nyingine milimita 10. Tofauti ni milimita 2, na kwa kuwa kosa limejikusanya mara nne, kosa la kila mkato ni nusu milimita katika sentimita 40. Basi mhimili husogezwa ncha moja kwa nusu milimita, ambayo ni kama unene wa karatasi tano za daftari. Kisha jaribio hurudiwa; tofauti ikizidi badala ya kupungua, umesogezwa upande usiofaa.

Mkulima msomaji huenda akauliza nusu milimita ina maana gani kwake. Na atazame mzinga wa nyuki. Mzinga wa Langstroth, uitwao kwa jina la yule Mchungaji wa Marekani aliyepewa hati ya uvumbuzi mwaka 1852, umejengwa juu ya jambo moja: nyuki huacha njia ya milimita 6 hadi 9 baina ya masega na kuta. Njia ikipungua, huiziba kwa gundi yao. Ikizidi, hujenga sega mahali pasipotakiwa. Sanduku lililokatwa upande, ambalo kona moja ni finyu na nyingine pana, huwa na njia njema kaskazini na mbaya kusini, na siku ya kuvuna fremu hazitoki ila kwa kuvunjwa, nyuki wakikasirika kwa haki. Ubao wa juu wa kila fremu una urefu wa inchi 19, na sanduku moja huchukua fremu 10. Kupima na kukata kila kimoja kwa penseli ni kupata fremu 10 za urefu kumi mbalimbali.

Kwa kazi ya namna hiyo hutumika kikomo. Ni kigogo kidogo kinachofungwa kwa jiriwa kwenye mhimili wa kitelezi, inchi 19 kutoka kwenye njia ya msumeno. Ncha ya ubao husukumwa mpaka kwenye kikomo, hukatwa, hutolewa, na mwingine hufuata. Vyote hutoka sawa hata kama kipimo chenyewe kimekosea kidogo, na katika mizinga, kama katika miguu ya meza, kulingana ni bora kuliko kutimia. Kikomo kikatwe kona yake ya chini ili unga wa mbao upate pa kukimbilia. Unga ukijaa hapo, kila kipande hutoka kifupi kuliko kilichotangulia na fundi hajui sababu. Tena kikomo kiwe upande mmoja tu wa msumeno. Kipande cha upande wa pili kiachwe huru kabisa, kisiguswe, wala kisiondolewe kwa kidole mpaka msumeno umesimama.

Sasa tufike kwenye mkato wa mshazari, ule wa digrii 45 ambao hukutanisha vipande viwili kuwa kona ya fremu ya picha, ya kioo au ya mlango. Hapa ndipo mafundi wengi hushindwa, na si kwa uvivu. Fremu ina kona nne, na kila kona mikato miwili, jumla minane. Mkato ukikosea nusu digrii tu, kosa ambalo jicho halioni, minane hukusanya digrii 4, na kona ya mwisho hukataa kufunga. Kwa ubao wa upana wa inchi 3, ufa huo hukaribia milimita 7 na nusu. Fundi hudhani kipande cha mwisho ndicho kibaya, hukikata upya, na fremu huzidi kupotoka.

Njia iliyo nzuri ni kuwa na kitelezi cha pili, ambacho badala ya mhimili mmoja ulionyooka kina miwili iliyokutana kama paa la nyumba, ncha ikielekea kwenye njia ya msumeno. Siri yake ni hii: si lazima kila mhimili uwe digrii 45 kamili, bali lazima miwili hiyo ikutane kwa digrii 90 kamili. Kipande cha kushoto cha kona hukatiwa upande wa kushoto, na cha kulia upande wa kulia. Kama kitelezi kimeegemea kidogo, kimoja kitatoka digrii 45 na nusu na mwenzake 44 na nusu, na jumla yao ni 90 vilevile. Kona hufunga. Ni hesabu ya shule ya msingi, lakini imeokoa mbao nyingi kuliko vipima pembe vya bei kubwa. Linalobaki ni kuhakikisha kwamba vipande vinavyoelekeana katika fremu ni sawa kwa urefu, na kwa hilo kikomo hufanya kazi yake kama kwanza.

Ubao unaokatwa mshazari hupenda kuteleza, kwa sababu msumeno huusukuma kuelekea chini ya mteremko wa mhimili. Mkono haushindani na nguvu hiyo kwa muda mrefu. Hugundishwa kipande cha msasa kwenye uso wa mhimili ili kuongeza mkwaruzo, na ubao hufungwa kwa jiriwa. Kipande kilicho kifupi kuliko shubiri kisishikwe kwa mkono hata kidogo: ama kifungwe, ama fundi aukate mshazari kipande kingali sehemu ya ubao mrefu. Kwa upande mwingine, ubao wa futi 12 usiletwe kwenye kitelezi. Uzito wake unaoning'inia huinua sahani. Na ukatwe kwanza kwa msumeno wa mkono, robo inchi au nusu nje ya kipimo, kisha umaliziwe mezani.

Msumeno uinuliwe kiasi cha meno kupita juu ya ubao kidogo tu. Kwa kukingama hufaa msumeno wa inchi 10 wenye meno 60 au 80. Ule wa meno 24 ni wa kupasua, nao huchana nyuzi na kuacha ncha zenye ndevu. Mavazi yasiwe na mikono mipana wala tai, na glavu zisivaliwe, kwani jino likinasa kitambaa huuvuta mkono wote. Macho yakingwe kwa miwani. Unga wa mbao nao si kitu cha kuchezea. Tangu mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeuhesabu miongoni mwa visababishi vya saratani ya pua. Kitambaa kifungwe puani, na kibanda kiwe wazi.

Huko Marekani, mwaka 1999, mtu mmoja aitwaye Steve Gass alibuni msumeno unaotambua nyama ya mtu kwa njia ya umeme na kusimama katika muda wa elfu tano za sekunde, yaani milisekunde 5. Ni uvumbuzi wa ajabu, lakini bei yake haikuundwa kwa ajili ya kibanda cha jua kali. Kwa fundi wa Thika aliyejiajiri mwenyewe, fidia ya Sheria ya Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 nayo iko mbali, kwa kuwa sheria hiyo humdai mwajiri, na mwajiri ni yeye mwenyewe. Mwenye wanafunzi kibandani ni neno jingine: wao ni watu wa kukingwa, na mwanafunzi asiguse meza mpaka amekata mikato mia ya kuigiza mota ikiwa imezimwa.

Liko jambo moja ambalo kitelezi hakiliponyi, nalo ni ubao mbichi. Mbao nyingi zinazouzwa, za saipresi, za paini, na za mgrevilea au mukima uliokuwa kivuli cha mibuni, hupasuliwa leo na kuuzwa kesho. Ubao ukikauka hupungua upana lakini si urefu, na kona ya digrii 45 iliyofunga vizuri leo hufunguka upande wa ndani baada ya miezi miwili. Mnunuzi humlaumu fundi, na kwa kweli analo la kumlaumu. Mbao zipangwe kivulini zikitenganishwa kwa vijiti, upepo upite katikati, wiki nyingi kadiri mfuko unavyoruhusu.

Kitelezi chenyewe ni mti, nacho hufuata hali ya hewa. Wakati wa masika, fito za chini huvimba na kukwama; zipakwe nta ya mshumaa, zisirandwe haraka, kwa sababu zitakazorandwa mwezi wa Aprili zitalegea mwezi wa Agosti. Kihifadhiwe kimelazwa, kisiegemezwe ukutani. Na kila baada ya mvua kile kipimo cha mikato mitano kirudiwe, kijiti chake kikiandikwa tarehe kwa penseli na kutundikwa msumarini karibu na swichi.